Pumzi ya Nyangumi, Pumzi ya Nahodha

Kazi ya kumtafuta nyangumi Kizimkazi huanza kwa kuhesabu maji. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua imefika, na siku za bamvua bahari ya Unguja hukauka mbali kabisa kabla ya adhuhuri. Chombo kinachochelewa kutoka hulala mchangani, na wageni wake wakalala nacho. Kwa hiyo saa kumi na mbili alfajiri nahodha alikuwa ameshasimama majini mpaka kiunoni, anaisukuma boti yake ya mbao kwa bega, huku baharia wake, mtoto wa dada yake, akiinua nanga na kuikunja kamba duara juu ya duara. Mashine iliwashwa tulipofika penye kina, tena kwa moto mdogo.

Ilikuwa Septemba. Kusi lilikuwa limeshachoka, na asubuhi kabla upepo haujaamka bahari huwa shwari kiasi cha kuonyesha kila kilicho juu yake. Nyangumi wenye nundu huanza kufika pwani yetu mwezi Julai, kutoka bahari baridi za Antaktiki, maelfu ya kilomita kusini. Huko ndiko wanakokula na kunenepa. Huku kwetu huja kuzaa na kutafutana, na kwa miezi hiyo karibu hawali kitu. Jike mwenye urefu wa mita 14 hunyonyesha mtoto kwa mafuta aliyoyaweka mwilini tangu kule. Madume na majike wasio na watoto hutangulia kurudi, na majike wenye watoto hubaki mpaka mwisho ili watoto wapate nguvu za safari. Nahodha alijua mapema kwamba siku hiyo tungekutana na mama na mwanawe, kama tungekutana na yeyote.

Alisimama shetri, mkono mmoja kwenye usukani wa mashine, jua likimpiga mgongoni. Kwenda kusini-magharibi asubuhi kuna faida hiyo: jua halichomi macho. Hakukodoa wala hakuweka kiganja juu ya paji la uso, kama tulivyofanya sisi abiria. Macho yake yalikwenda polepole juu ya maji kutoka kushoto hadi kulia, kisha yakarudi, kama ya mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Alichokuwa akikisaka ni mvuke. Povu la wimbi, alinieleza bila kugeuza kichwa, huteleza na upepo na kufa pale pale. Pumzi ya nyangumi hupanda wima kwanza, mita tatu au zaidi, husimama kidogo, ndipo upepo uilaze. Anayeona weupe tu atakimbizana na mawimbi mpaka petroli imwishie.

Baharia alinyoosha kidole: ndege. Kundi la membe lilikuwa likijitupa majini upande wa kusi. Nahodha aliangalia mara moja. "Hao wapo kwa vibua, mwanangu. Chini yao kuna jodari." Tukapita. Baadaye pomboo walitokea, mapezi matano au sita yakikata maji kuelekea ufukweni, na hapo nilitegemea boti igeuke, maana pomboo ndio waliolifanya jina la Kizimkazi lijulikane. Hakugeuka. Wazee wa kijiji hiki walikuwa wakiwavua wawe chambo cha papa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 pomboo hao wanaletewa watalii. Zipo asubuhi ambapo boti kumi huwazunguka kwa vishindo na kelele, watu wakirukia majini juu ya vichwa vyao, na mimi sioni kwamba hilo limeachana sana na uvuvi. Nahodha alipunguza mwendo tu, akawaachia njia.

Pumzi tuliiona saa tatu kasoro. Au niseme aliiona yeye, kisha akatuonyesha mahali pa kutazama, na ilipopanda ya pili tukaiona wote: moja nene, na pembeni yake kidogo nyingine nyembamba, fupi. Abiria mmoja alipiga kelele za furaha. Nahodha alipunguza moto badala ya kuongeza.

Sehemu hii ndiyo iliyonishangaza zaidi. Hakuielekeza omo kwa nyangumi. Alitazama wanakokwenda, akachukua njia iliyo sambamba na yao, mbali, nyuma kidogo ya ubavu wa mama, wala hakuwapita mbele hata mara moja. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Mama alivuta pumzi kadhaa kwa karibu karibu, akapinda mgongo, mkia ukapanda juu wote na kuzama. "Sasa huyu ameshuka kweli," alisema. Juu ya maji palibaki duara laini lisilo na hata kiwimbi, alama ya pigo la mkia. Mtu mwenye kamera alikuwa amepiga picha mgongo. Nahodha alimwambia kwa upole angoje mkia mwingine: upande wa chini wa mkia una madoa meupe na meusi yasiyofanana kwa nyangumi wawili, na hayo ndiyo wataalamu wanayotumia kumtambua mmoja mmoja.

Mama anaweza kukaa chini robo saa. Mtoto hana mapafu hayo. Hutoka kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo nahodha alimwacha mama na kumfuata mtoto kwa macho. Kwenye mita 100 hivi alizima mashine kabisa. Boti ikabaki kwa mkondo. Aliinama, akaweka sikio kwenye mbao za ndani ya ubavu wa chombo, kisha akaniita. Nilisikia mlio mrefu unaopanda, ukakatika, ukafuatwa na mguno mzito. Dume. Hakuwa karibu, lakini sauti hiyo husafiri kilomita nyingi chini ya maji, na chombo cha mbao kisichounguruma huipokea vizuri.

Mama alipanda karibu kuliko tulivyomwacha, kwa hiari yake. Pezi lake la ubavuni, refu karibu theluthi ya mwili, lilionekana jeupe ndani ya maji kabla mgongo haujatoka. Hakuna aliyeambiwa anyamaze.

Boti nyingine ilipochomoza upande wa kijiji cha Mtende, nahodha alisema zamu yetu imetosha. Lakini kamba ya mashine hakuigusa. Wote wawili walikuwa chini, na yeye hawashi rafadha asipojua mtoto yuko wapi. Tukangoja tena, dakika moja baada ya nyingine, ili tu tuweze kuondoka. Mtoto alitoka upande wa kushoto, mbali, akapumua mara mbili. Nahodha akasubiri na mama naye atoke, ndipo akavuta kamba.