Virtua Racing ya Mega Drive: Chipu Haikupaswa Kufungiwa Ndani ya Kaseti

Mwaka 1994 Sega waliileta Virtua Racing nyumbani, kwenye Mega Drive. Walichukua chipu yao mpya ya SVP, wakaifungia ndani ya kaseti ya gemu hiyo moja, na kule Marekani wakaitoza dola 100. Barabara tatu, gari moja, dola 100. Nimekuwa nikisoma utetezi wa hatua hiyo kwa miaka, na sijaona hata mmoja unaosimama. Walikosea, tena walikosea huku jibu sahihi likiwa kwenye karakana yao wenyewe.

Mliocheza mnaijua shida iliyokuwapo. Virtua Racing ya ukumbini, ile ya mwaka 1992 iliyotoka mikononi mwa Yu Suzuki na kikosi cha AM2, ilitembea juu ya bodi ya Model 1, mashine ya bei kubwa iliyojengwa mahususi kwa poligoni. Mega Drive ilikuwa mashine ya mwaka 1988 yenye prosesa ya Motorola 68000 inayopiga takriban megahezi 7.6, na ustadi wake ulikuwa wa picha bapa zinazoteleza. Kuiomba peke yake ichore Big Forest, Bay Bridge na Acropolis kwa poligoni kulikuwa kuiomba isichoweza. Msaada ulihitajika, na katika hilo sina ugomvi na mtu. SVP, iliyojengwa juu ya prosesa ya Samsung, ilipiga hesabu na kuchora kila fremu kwenye kumbukumbu yake, kisha picha iliyokamilika ikahamishiwa upande wa video wa Mega Drive. Kazi ya waandika programu ilikuwa safi: kamera nne zilibaki, na hata skrini iliyogawanywa kwa wachezaji wawili ikapatikana.

Sasa turudi kwenye kosa.

Chipu ya kuchora poligoni ni chombo cha kudumu. Haijui kama inachora gari la fomula, ndege au bondia. Gharama yake ni kubwa mara moja, na faida yake huonekana inapotumika mara nyingi. Hapa Macalder, Migori, tangu mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ufungwe miaka ya 1960, wachimbaji wadogo wanaishi kwa kanuni hiyo: mashine ya kusaga mawe ni ya mtu mmoja, magunia ya mawe ni ya watu wengi, na kila mwenye gunia hulipia kusagiwa. Hakuna aliyewahi kuuziwa mashine nzima ndani ya kila gunia. Sega walifanya hivyo hasa. Kama wangetaka gemu ya pili ya SVP, mnunuzi angelipia chipu ileile mara ya pili, na kwa gemu ya tatu, mara ya tatu. Mpango wa namna hiyo unajifunga mlango wenyewe, kwa sababu kila gemu mpya inazaliwa ikiwa ghali, na gemu ghali haijengi kundi la wanunuzi ambalo lingewashawishi watengenezaji wengine waingie.

Na msiniambie teknolojia ya kufanya vinginevyo haikuwapo. Mwaka uleule, mwezi Oktoba, Sega haohao walitoa Sonic & Knuckles. Mnaikumbuka kaseti ile: ina kifuniko juu, unafungua, unachomeka kaseti nyingine ya Sonic, na zote mbili zinafanya kazi kama gemu moja. Kaseti inayobeba kaseti! Kampuni ileile, mashine ileile, mwaka uleule. SVP ingewekwa kwenye kaseti ya aina hiyo, iuzwe mara moja pamoja na Virtua Racing, kisha gemu zinazofuata ziuzwe kwa bei ya kawaida na kuchomekwa juu. Mchezaji angelipa dola 100 safari ya kwanza akijua ananunua kitu kitakachoishi. Ndiyo maana nasema jibu lilikuwa mikononi mwao, kwa kuwa mtambo wa kiwandani, plastiki yake na pini zake vilikuwa vikitengenezwa.

Wapo wanaonijibu kwa Nintendo: mbona Super FX nayo ilifungiwa ndani ya kaseti ya Star Fox mwaka 1993, na hakuna aliyelalamika? Ni hoja ya haki, ila inawaumiza wanaoileta. Chipu ya Nintendo haikuipandisha kaseti hadi bei ya kutisha, na waliitumia tena na tena: Stunt Race FX, kisha toleo la pili la chipu likaingia kwenye Yoshi's Island na Doom mwaka 1995. Walipima uzito wa chipu dhidi ya mfuko wa mnunuzi kabla ya kukata shauri. Sega walipima dhidi ya picha ya Model 1 iliyokuwa kichwani mwao.

Kisha ikaja 32X. Ilipofika Novemba 1994 Sega walikuwa wakiuza Marekani kifaa kizima cha kuchomeka juu ya Mega Drive, chenye prosesa mbili za SH-2, na pamoja nacho Virtua Racing Deluxe iliyoongeza barabara mbili na aina mbili za magari. Aliyelipa dola 100 miezi michache nyuma aliambiwa anunue tena, na kaseti yake ya SVP haichezeki 32X ikiwa imechomekwa. Ni lazima aing'oe kwanza. Kampuni iliamua kujenga kifaa cha pamoja cha poligoni baada ya kuwauzia watu poligoni za kipande kimoja. Mwezi huohuo wa Novemba, huko Japani, Saturn, mashine mpya ya Sega, ilikuwa tayari madukani, kwa hiyo 32X ikazaliwa ikiwa na mrithi wake mlangoni. Saturn nayo ilipopata Virtua Racing mwaka 1995, kazi ilikabidhiwa Time Warner Interactive badala ya wenyewe wa AM2. Nimelisema hili kila ninapopata nafasi na nitaendelea kulisema: gemu iliyoufundisha ulimwengu mbio za poligoni ilitupwa huku na huku na wazazi wake.

Kwetu uamuzi ule wa kuifungia chipu ndani ya kaseti ulikuwa na madhara ambayo wachambuzi wa Marekani na Ulaya hawayahesabu. Afrika Mashariki ya miaka ya 90 ilipata gemu zake nyingi kupitia kaseti za kunakili na zile mashine za TV game zilizoiga Famicom ya Nintendo. Kaseti ya kawaida ni kumbukumbu tupu, inanakilika. Kaseti yenye prosesa yake haigezeki kwa bei ya sokoni. Kwa hiyo Virtua Racing haikuwa na njia ya kumfikia mtoto wa Migori au wa Homa Bay, wakati F-1 Race ya Nintendo ya mwaka 1984 ilijaa kwenye zile kaseti za gemu nyingi kwa moja, na kizazi kizima kilijifunza kona kwa gia zake mbili.

Na hapo ndipo ninapotaka tusimame, maana F-1 Race ndiyo kipimo changu. Satoru Iwata wa kampuni ya HAL, ambaye baadaye aliiongoza Nintendo, aliiandika kwa mashine isiyojua poligoni wala kuzungusha picha. Barabara inapinda kwa sababu kila mstari wa skrini unasogezwa kivyake, kushoto au kulia, wakati miale ya televisheni ikiwa bado inachora. Hakuna chipu ya ziada. Super Monaco GP ya Mega Drive, mwaka 1990, ilitumia uwezo wa mashine hiyo wa kusogeza mistari hivyohivyo, ikakupa kioo kikubwa cha kutazama nyuma, gia saba na vita vya kunyang'anyana kiti na mpinzani msimu mzima. Ukiniuliza leo ni gemu gani ya magari ya fomula iliyoitendea haki Mega Drive, sitaji ile ya dola 100. Nataja Super Monaco GP. Ilikuwa ikiteleza, ilhali Virtua Racing kwenye mashine hiyo ilisogea kwa fremu takriban 15 kwa sekunde, nusu ya ile ya ukumbini, na kwenye kona za Acropolis mkono wako unatangulia picha.

Najua nitaambiwa nachukia maendeleo. Siyachukii. Virtua Racing yenyewe ni kazi kubwa, na toleo la Sega Ages lililotengenezwa na M2 kwa ajili ya Switch mwaka 2019, likiwa na fremu 60 kwa sekunde, linaonyesha jinsi Suzuki alivyozipanga kona zile kwa akili: breki mapema, gia chini, toka ukiwa umenyooka. Gari linakujibu na uzito wake unausikia. Vyote hivyo vilikuwamo tangu 1992.

Anayetaka kuijua Virtua Racing aicheze hiyo ya M2. Anayetaka kuona kosa la Sega aitafute kaseti ya 1994, aishike mkononi, auone ukubwa wake. Sega waliacha kutengeneza mashine za gemu mwaka 2001, na katika uhai wote wa Mega Drive ni gemu moja tu iliyowahi kutumia SVP.