Mikroni 4

Mji wa Kisangani, Kongo, uko karibu nusu digrii kaskazini ya ikweta, kwenye msitu ambako malaria haina msimu. Ndiyo maana umo ndani ya ukanda ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliufuatilia kwa gari mwaka 1961: ukanda wa uvimbe wa taya unaowashika watoto. Taya likivimba, jibu hutegemea mikono ya fundi wa maabara.

Kazi hii haitaki pupa. Kipande cha nyama hulowekwa kwenye fomalini kisioze, huondolewa maji kwa alkoholi inayozidi kukolea, kisha huzamishwa ndani ya nta. Joto hulegeza nta, kwa hiyo bonge hupozwa kwanza kwa barafu. Ndipo kisu kinapopita, na utepe wa mikroni 4, kama nusu ya upana wa chembe nyekundu ya damu, unajinyoosha juu ya maji ya vuguvugu. Fundi huuopoa kwa slaidi bila kuukunja. Hematoksilini, rangi itokanayo na moyo wa mti wa Amerika ya Kati, hutia viini buluu. Eosini hutia waridi.

Chini ya hadubini huonekana chembe nyeusi zilizosongamana, zenye madoa meupe hapa na pale. Wataalamu huiita sura hiyo anga yenye nyota. Kila doa ni chembe mlaji inayomeza maiti za chembe za uvimbe.

Msukumo wa yote ni MYC, protini inayoamuru jeni nyingine zifanye kazi. Mwaka 1982 ilibainika kwamba jeni yake huhama kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14, ikakaa jirani na jeni ya kingamwili, ambayo katika chembe B, zile zinazotengeneza kingamwili, haizimwi. MYC hutengenezwa bila kikomo. Uvimbe huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili, ukaingia figo, ovari na uboho. Protini hiyohiyo hupunguza molekuli za HLA, alama ambazo chembe T za kinga huzisoma ili kumtambua adui.

MYC yenyewe haionekani kwenye slaidi ile; huonekana haraka yake. Utepe ukikatwa mnene, chembe hulaliana na nyota hupotea, na ugonjwa unaoweza kuponywa kwa siklofosfamidi na dawa zinazoandamana nayo hupewa jina jingine.