Watazamaji Wapite, Watoto Wabaki

Mwaka 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, Maria Montessori alipewa darasa lenye kuta za vioo. Ndani, watoto wachache walifanya kazi zao chini ya mwalimu Helen Parkhurst. Nje, umati uliketi kuwatazama. Wanaolisimulia darasa lile husifia vioo. Mimi nasifia muda wake, yapata miezi minne: watazamaji walikuja na kuondoka, watoto walibaki walewale.

Programu nyingi za Montessori zinazozunguka kwa gari hufanya kinyume. Gari linafika, mikeka inatandikwa, watoto mia wanagusa vifaa kwa zamu, wazazi wanapiga makofi, na jioni gari liko njiani. Mzazi hapo ameonyeshwa midoli ya bei ghali. Njia ya Montessori huonekana pale mtoto wa miaka minne anapopanga mnara wa waridi wa vipande vya mbao, akaubomoa, akaupanga tena na tena bila kusifiwa na mtu. Utulivu huo huja baada ya siku nyingi za kulizoea darasa, na hutaka asubuhi isiyokatizwa, karibu saa tatu mfululizo.

Sasa, kwa programu ya aina hiyo, tuupime ufuo wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kutoka Magara na Minago hadi Rumonge, kisha kusini Nyanza-Lac. Barabara inafuata ziwa, hivyo usafiri si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni ratiba ya wazazi. Wavuvi wa ndagala hutoka usiku na taa zao, na asubuhi akina mama wako mwaloni wakinunua na kuanika. Ukiitisha mkutano saa tatu asubuhi utapata viti vitupu, halafu ripoti itasema jamii haina mwamko! Lakini mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika. Siku hizo ndizo za kuwaalika akina baba, wawili au watatu kwa asubuhi, waketi ukutani, wanyamaze, watazame. Akina mama waje alasiri, ndagala wakishaanuliwa, nao wavishike vifaa kwa mikono yao. Watoto wawe ishirini au thelathini, walewale, kwa miezi, si kwa siku.

Vifaa navyo vina masharti. Mnara wa waridi una vipande kumi: mdogo una sentimita 1 kila upande, mkubwa sentimita 10. Vipimo vikipotoka, mtoto hawezi kuligundua kosa lake mwenyewe, na mwalimu anarudia kusahihisha, jambo ambalo kifaa kilibuniwa kuliepusha. Fundi wa mitumbwi anazijua mbao. Apewe vipimo kamili na asiharakishwe. Kazi za nyumbani hazihitaji fundi: kumimina maji, kuchambua maharage, kukunja kitenge. Mama atasema hayo hata kwake yapo, naye atakuwa amesema kweli. Tofauti ni kwamba nyumbani mtoto huambiwa afanye haraka au aondoke. Na kwenye herufi za msasa, ambazo mtoto huzipapasa kwa vidole, ufuo huu una bahati: Kirundi na Kiswahili huandikwa karibu kama vinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyezijua sauti huanza kuunda maneno mapema kuliko mwenzake anayeanza na Kifaransa.

Katika njia hii mzazi hakuwa mgeni tangu mwanzo. Nyumba ya Watoto ya kwanza, iliyofunguliwa mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, ilikuwa na kanuni zake: mama halipi ada, ila amlete mtoto akiwa safi, na azungumze na mwalimu angalau mara moja kwa wiki. Huko Nakuru, Kenya, mradi wa Corner of Hope ulioanzishwa kwa waliohamishwa na ghasia za 2007 na 2008 ulikwenda mbali zaidi: wakazi wa kambi wenyewe ndio waliofunzwa ualimu.

Hapo, kwenye kufunza walimu, ndipo ningeanza na bajeti ya programu ya Rumonge. Semina ya wiki moja haimfanyi mtu mwalimu wa Montessori. Tanzania ina vyuo vya ualimu huo, kimojawapo Mtwara, na kijana wa Rumonge aliyekulia katika Kiswahili hatahitaji mkalimani huko. Wapelekwe wawili kwanza. Gari linunuliwe wakisharudi.