Kukata Kunapokataa

Katika hesabu ya namba za kawaida, mlinganyo ab = ac hukatwa a pande zote mbili ukabaki b = c, mradi a si sifuri. Mwanafunzi hufundishwa hatua hiyo mapema, na mkono wake huizoea hata ukaacha kuuliza. Aljebra ya matriki humrudisha kwenye swali aliloliruka: kukata huko kunaruhusiwa na nini?

Na ichukuliwe matriki A yenye safumlalo (1, 2) na (2, 4); B yenye safumlalo (3, 1) na (1, 2); na C yenye safumlalo (1, 5) na (2, 0). Ukizidisha AB, jibu ni safumlalo (5, 5) na (10, 10). Ukizidisha AC, jibu ni lile lile. A si sifuri, AB ni sawa na AC, lakini B na C hazifanani katika nafasi hata moja. Mpangilio nao una uzito wake: BA na CA, kwa matriki hizo hizo, hutoa majibu tofauti.

Chanzo huonekana pale AC inapohamishiwa upande wa pili: A(B − C) = 0. Kwa namba, zao likiwa sifuri basi kimojawapo cha vizidishi ni sifuri. Kwa matriki sivyo. B − C ina safumlalo (2, −4) na (−1, 2). Si sifuri, ila A huigeuza sifuri. Arthur Cayley, aliyekuwa akifanya kazi ya uanasheria London, aliieleza hali hii katika makala yake ya mwaka 1858 kuhusu nadharia ya matriki, miongoni mwa maandishi ya kwanza kuzifanya matriki kuwa na aljebra yake.

Jiometria huonyesha kinachotendeka. Safumlalo ya pili ya A ni mara mbili ya ile ya kwanza, hivyo kila nukta (x, y) ya bapa huangukia kwenye mstari mmoja, na kinachosalia ni kiasi x + 2y tu. Nukta (3, 1) na (1, 2) zote hutoa 5. Hutua mahali pamoja, kama vitu viwili vyenye umbo tofauti vinavyoweza kutupa kivuli kimoja ukutani. Safuwima za B na C ni nukta za aina hiyo. Kudai B = C ni kudai kwamba kivuli kinatosha kumtaja mwenyewe.

Kwa matriki za mraba, determinanti ndiyo mwamuzi. Ya A ni 1 × 4 − 2 × 2 = 0, kwa hiyo A haina kinyume. Determinanti isipokuwa sifuri, kinyume kipo, na kukizidisha kutoka kushoto katika pande zote mbili za AB = AC huleta B = C. Huo ndio ukweli wa kukata: si kufuta herufi, ni kuzidisha kwa kinyume, tena upande ule ule. Kutoka AB = CA hakuna kinachokatwa hata A ikiwa na kinyume, kwa kuwa imesimama kushoto huku na kulia kule.

Kanuni kamili ni pana zaidi. A hukatwa kushoto pale tu ambapo hakuna vekta, isipokuwa sifuri, ambayo A huipeleka kwenye sifuri. Matriki yenye safuwima nyingi kuliko safumlalo haikidhi sharti hilo kamwe. Yenye safumlalo 3 na safuwima 2 zisizotegemeana hulikidhi, ijapokuwa si ya mraba. Ila hiyo hiyo haikatwi ikiwa kulia.

Uzuri wa ufundi wa aljebra umo katika uangalifu huu. Fundi wake hakati mpaka ajue A imehifadhi nini na imepoteza nini, na kwa kila herufi anayoiondoa anayo sababu ya kuitaja.