Mwekundu wa Akiba: Hesabu Iliyompa Stephen Hendry Mataji Saba ya Dunia

Mwaka 1992, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Jimmy White alikuwa akiongoza fainali ya ubingwa wa dunia wa snuka kwa fremu 14 kwa 8. Anayetangulia kufika 18 ndiye bingwa. Alibakiwa na fremu nne, na mashabiki wengi walikuwa wameshamvika taji mioyoni mwao. Hakupata hata moja. Stephen Hendry, Mskoti wa miaka 23, alichukua kumi mfululizo na kumaliza kwa 18 kwa 14. Mbili za mwisho alizifunga kwa mifululizo ya pointi 134 na 112, kila mmoja kwa zamu moja bila kukosa.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha moyo: mmoja alikuwa jasiri, mwingine aliingiwa na hofu. Sikatai kwamba moyo ulikuwepo. Lakini moyo peke yake hauelezi mtu kuchukua fremu kumi mwenzake akiwa amekaa kitini. Kinachoeleza ni uamuzi mmoja ambao Hendry aliufanya tena na tena tangu ujana wake: kulivunja rundo la mipira myekundu mapema, wakati bado ana mwekundu mmoja wa akiba pembeni. Uamuzi huo ndio uliojenga maisha yake ya mchezo. Na kitu ambacho uamuzi huo ulikitegemea kilipokatika, maisha hayo nayo yalikatika.

Hesabu ya mwekundu wa kumi

Kwa aliyezoea meza ya pool ya mtaani, meza ya snuka ni kiwanja. Ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6. Mipira myekundu ni 15, kila mmoja una pointi 1. Ya rangi ni sita: wa njano pointi 2, wa kijani 3, wa kahawia 4, wa buluu 5, wa waridi 6, na mweusi 7. Ukitumbukiza mwekundu unapata haki ya kupiga wa rangi. Wa rangi hurudishwa mahali pake, mwekundu haurudi. Myekundu ikiisha, ile sita ya rangi hutumbukizwa kwa utaratibu wake kuanzia wa njano, na jumla yake ni pointi 27.

Sasa tuhesabu. Tuseme mchezaji anafuatisha kila mwekundu na mweusi. Baada ya jozi tisa ana pointi 72, na mezani zimebaki 75. Mwenzake bado anaweza kusimama na kushinda. Lakini akitumbukiza mwekundu wa kumi anafika 73, na mezani zinabaki 67. Hapo mwenzake hata akisafisha meza nzima hatoshi. Itambidi amfichie mipira na kuombea makosa yenye kumpa pointi. Kwa anayetumia buluu badala ya mweusi, mpaka huo unasogea hadi mwekundu wa kumi na moja: pointi 61 mkononi, 59 mezani.

Kwa hiyo swali la kila fremu ni dogo na ni kali: utaufikiaje mwekundu wa kumi bila kuketi? Anayecheza bao anaijua hali hii. Mtaji ukiendelea kula shimo hadi shimo, mwenzako hana la kufanya ila kuangalia. Katika snuka kikwazo ni rundo. Baada ya mapigo ya mwanzo, mara nyingi mipira myekundu minne, mitano au sita ndiyo iliyotoka na kukaa wazi. Iliyobaki imeshikamana nyuma ya waridi, na hakuna hata mmoja unaopita. Asiyelifungua rundo hilo hafiki kumi.

Shule ya Davis

Kabla ya Hendry, mfalme alikuwa Steve Davis, bingwa wa dunia mara sita kati ya 1981 na 1989. Kanuni yake ilikuwa ile ya haba na haba hujaza kibaba. Alichukua myekundu iliyo wazi, akajiwekea pointi thelathini au arobaini, kisha akaurudisha mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, nyuma kabisa ya meza na kumwachia mpinzani tatizo. Mpinzani akikosea, Davis alirudi kuchukua arobaini nyingine. Alijua pia kuvunja rundo, lakini hakuona haja ya kuharakisha. Ulinzi wake ulikuwa imara kiasi kwamba muda ulikuwa upande wake.

Hendry alikutana na shule hiyo akiwa mtoto. Alipata meza yake ya kwanza, ndogo, kama zawadi ya Krismasi akiwa na miaka 12. Akiwa na 16, mwaka 1985, alikuwa mchezaji wa kulipwa. Meneja wake Ian Doyle alimpangia mfululizo wa mechi sita dhidi ya Davis, na Davis akazishinda zote sita. Kijana aliondoka na somo. Alijifunza ulinzi kwa kuumizwa nao, lakini hakuufanya kuwa nyumba yake. Aliona kwamba njia ya uhakika ya kumshinda mtu asiyekosea ni kumnyima zamu.

Lini, na kwa nini buluu

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Wachezaji wa kushambulia walikuwepo kabla yake. White mwenyewe alikuwa mmoja wao, na mwenye kipaji kinachopendeza kuliko cha Hendry. Tofauti ilikuwa wakati wa kushambulia. Wengi walikula myekundu yote iliyo wazi kwanza, kisha wakalivunja rundo kwa lazima, kwa sababu hapakuwa na kingine. Wakati huo, mpira mweupe ukinasa ndani ya rundo au ukijificha, zamu imekwisha. Hendry aligeuza mpangilio. Alikula miwili au mitatu, akauacha mmoja mahali anapoweza kuufikia kwa urahisi, ndipo akaligonga rundo. Likifunguka vizuri, fremu imekwisha. Likifunguka vibaya, ule mmoja bado unamsubiri. Akiba haiozi.

Ndiyo maana sikubali anapoitwa mcheza kamari. Mcheza kamari huweka alichonacho chote. Hendry aliweka hatari mwanzoni, ilipokuwa na dhamana, badala ya kuiahirisha hadi ilipokuwa haina.

Chombo alichokipenda kwa kazi hiyo ni mpira wa buluu. Buluu hukaa katikati kabisa ya meza, chini ya mita moja kutoka kila shimo la kati. Sheria ya asili inasema mpira mweupe ukigonga mwingine kwa pembe, bila mzunguko wa mbele wala wa nyuma, huondoka kwa pembe mraba na njia ya ule uliogongwa. Buluu ikienda ubavuni kuelekea shimo la kati, mweupe uliokuwa upande wa nyuma ya meza unapanda mbele moja kwa moja, kule kule rundo liliko. Huna haja ya kulazimisha, mezani penyewe panakuelekeza.

Mlangoni mwa rundo amesimama waridi, karibu kabisa na mwekundu wa kwanza. Kwa hiyo kazi ya Hendry ilikuwa kupinda njia hiyo kidogo, kwa mzunguko wa mbele au wa nyuma, au kwa kuupitisha mweupe kwenye ukingo wa ubavuni, ili uingie kwenye bega la rundo badala ya kugonga waridi. Nguvu nayo ilihitajika. Ukigonga rundo kwa upole, unasogeza miwili na kunasa. Lazima upige kwa nguvu, na shimo la kati halisamehe mpira wa nguvu uliopotoka hata kidogo. Anayeogopa hupunguza mwendo wa fimbo wakati wa kugusa mpira. Akipunguza, buluu inagonga mdomo wa shimo na rundo halifunguki. Hendry hakupunguza. Mkono wake wa kulia ulipita katikati ya mpira ukiwa umenyooka, pigo la kwanza la asubuhi na pigo la mwisho la usiku.

Mlango wa kuingilia

Hesabu hii yote inahitaji pa kuanzia. Mpinzani mwenye akili hakuachii mwekundu ulio karibu. Anakuachia mweupe ukiwa umebana kwenye ukingo wa nyuma, na mwekundu upo zaidi ya mita mbili mbele. Kwa shule ya Davis, pale ni mahali pa kurudisha ulinzi kwa ulinzi. Hendry aliutazama mwekundu ule wa mbali kama mlango. Akiutumbukiza huku akiusimamisha mweupe mbele, karibu na mweusi au buluu, ulinzi mzuri wa mwenzake unageuka kuwa mwanzo wa mfululizo wake. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa mpinzani. Umecheza pigo sahihi kabisa, na umeadhibiwa. Baada ya mara tatu unaanza kulitilia shaka hata pigo sahihi.

Matokeo yapo kwenye kumbukumbu. Mwaka 1990 alimshinda White 18 kwa 12 na kuwa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo kuliko wote, miaka 21. Mwaka huo huo, kwenye fainali ya Ubingwa wa Uingereza, alimpita Davis 16 kwa 15. Davis alipokuwa amebakiza fremu moja tu, Hendry alitumbukiza buluu ngumu kwa kutumia fimbo ya kuegemezea, na fremu ikageuka. Mwaka 1994, katika fainali ya mashindano hayo hayo, alimshinda Ken Doherty 10 kwa 5 kwa senchuri saba, yaani mifululizo saba ya pointi 100 na zaidi ndani ya fremu 15. Mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia kwa 18 kwa 17 baada ya kuvunjika kiwiko cha kushoto katikati ya mashindano. Mkono wa kulia, wenye kupiga, ulikuwa mzima, na huo ndio ulioutegemea mfumo wake. Alichukua taji la dunia mwaka 1990, kisha mfululizo kuanzia 1992 hadi 1996, na la saba mwaka 1999.

Nguzo moja

Kila mfumo mzuri una mahali unapoegemea, na uchambuzi usiopaonyesha haujakamilika. Davis alipopungukiwa makali ya kutumbukiza, alibaki na ulinzi wa kumshikilia. Hendry alikuwa amejenga juu ya nguzo moja: fimbo inayopita bila kusita.

Mwaka 2002 nguzo ilikuwa bado imesimama mbele za watu. Alipiga senchuri 16 katika ubingwa mmoja wa dunia, ingawa alipoteza fainali 17 kwa 18 mbele ya Peter Ebdon. Mwaka uliofuata fimbo aliyokuwa nayo tangu utotoni, ya bei ndogo, ilivunjika safarini ndani ya mizigo ya ndege. Lakini tatizo kubwa lilikuwa mkononi. Mwenyewe ameeleza hadharani kwamba kwa miaka mingi ya mwisho mkono wake uligoma kuipitisha fimbo kwenye mpira. Ulisita pale pale pa kugusa. Taji lake la 36 la mashindano yanayohesabiwa katika orodha ya ubora, ambalo ndilo la mwisho, alilipata Malta mwaka 2005.

Rudi sasa kwenye ile buluu. Pigo lililomtajirisha ndilo linaloonyesha kusita haraka kuliko yote, kwa sababu linadai nguvu na unyoofu kwa wakati mmoja. Mpira wa taratibu unaweza kuusaidia kwa ujanja, lakini huu hauwezi. Mkono ukisita, buluu haiingii, rundo halifunguki, mwekundu wa kumi haufikiki, na mpinzani anainuka kitini. Hakuna sehemu moja ya mchezo wake iliyoharibika na nyingine zikabaki. Zote zilikuwa mnyororo mmoja.

Mwisho wa safari hiyo ulionekana Crucible mwaka 2012. Katika raundi ya kwanza, dhidi ya Stuart Bingham, alipiga 147, pointi zote ambazo meza inaweza kutoa bila makosa ya mpinzani. Siku chache baadaye, kwenye robo fainali, Stephen Maguire alimfunga 13 kwa 2, na Hendry akatangaza kustaafu. Watu walishangaa kuona vitu viwili hivyo vikikaa katika mashindano yale yale. Mimi sishangai. Hesabu haikumtoka hata siku moja. Alijua mwekundu upi wa kuacha na wakati gani wa kupiga buluu, kama alivyojua akiwa na miaka 21. Kilichokuwa kikija na kuondoka ni mkono.

Ronnie O'Sullivan aliyafikia mataji saba ya dunia ya Hendry mwaka 2022. Lakini ukitazama mashindano yoyote ya leo, acha kidogo kuutazama mpira unaoingia shimoni. Mchezaji akiwa na pointi ishirini, hesabu myekundu iliyo wazi. Utamwona akizunguka meza, akiutazama mwekundu mmoja ulio mwepesi, akiupita bila kuugusa, kisha akainama nyuma ya buluu.