Kanda za Nyumbani na Taarabu ya Tanga

Wako wasikilizaji wanaozidharau kanda za taarabu zilizorekodiwa majumbani na arusini kwa kinasa sauti kimoja cha kaseti. Husema kwamba sauti zimefifia, na kwamba vigelegele huyafunika maneno ya mwimbaji. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshi kuwa hukumu ya kazi ya sanaa.

Yafaa kwanza tutazame taarabu yenyewe ya Tanga. Vikundi vikubwa vya Unguja vilikuwa na fidla nyingi na ganuni. Vilabu vya Tanga, kama Black Star na Lucky Star, vilikuwa na wapigaji wachache, navyo vikatia gitaa na besi la umeme. Uchache huo uliiweka mbele sauti ya mwimbaji, kama vile ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016. Basi muziki huu tangu hapo ulifaa kusikilizwa kwa karibu.

Pili, taarabu ni ushairi, na fumbo lake hukamilika linapomfikia msikilizaji. Santuri za zamani, kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zilibeba kama dakika 3 tu kila upande, tena bila hadhira yake. Kaseti ya dakika 60 iliuacha wimbo uende kwa urefu wake, mabeti yakarudiwa kadiri watu walivyotaka. Humo twasikia ni neno gani lililoamsha vigelegele, na ni wapi ukumbi ulinyamaza. Kwa mhakiki, huo ni ushahidi usiopatikana katika santuri.

Hata hivyo, tusiusifu ubovu kwa kuwa ni ubovu. Neno lisiposikika, shairi limepungua. Na kanda hizi huharibika kwa joto na unyevu wa pwani. Nyimbo za Black Star na Lucky Star zilizokuwa katika santuri zilipata bahati ya kutolewa upya London na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1989. Kanda ya arusi haina mlinzi ila mwenye nyumba.

Hatuna budi, walimu na wanafunzi, kuwaendea wenye kanda hizo, kuomba ruhusa ya kuzinakili, na kuyaandika maneno yake wangali hai wanaoweza kutufumbulia mafumbo.