Rejeta Isiyo na Namba ya Spea

Kwenye duka la spea Uingereza, swali la kwanza ni namba ya gari. Muuzaji anaiingiza kwenye kompyuta, rejeta inajitokeza na bei yake. Mwenye gari la kujiundia hana raha hiyo. Mengi ya magari haya, yakiwa yameungwa kwa viungo vya huku na huku, husajiliwa kwa namba inayoanza na herufi Q, na Q haimwambii muuzaji lolote.

Chukua Locost, gari dogo la wazi lililoenea kutokana na kitabu cha Ron Champion cha 1996, umbo lake likifuata Lotus Seven ya 1957. Injini na giaboksi kwa kawaida zilitoka kwenye Ford Escort kuukuu. Basi rejeta ikianza kuvuja, akili inakimbilia Escort. Ila pua ya Locost ni nyembamba na iko chini, ndiyo maana waundaji wengi walichomeka rejeta ya Volkswagen Polo: fupi, ya alumini, yenye matanki ya plastiki ubavuni, maji yakipita kwa mlalo. Kabla ya kuagiza chochote, futa tope kwenye tanki la plastiki. Mara nyingi namba ya kiwanda imechorwa humo humo, na utafutaji unaishia hapo.

Isipokuwepo, shika futi. Pima sehemu yenye mapezi peke yake bila matanki: upana, kimo, unene. Kisha angalia midomo ya mipira iko upande gani na ina kipenyo gani. Tofauti ya kipenyo isikutishe, kuna mipira inayoanza na milimita 38 ikaishia 32. Mdomo ulio upande usiofaa ndio unaosumbua, kwa sababu mpira utapita karibu na ekzosi.

Linalosahaulika kuliko yote ni kimo cha maji. Kwenye Locost, silinda hedi hukaa juu kuliko rejeta, kwa hiyo hewa iliyonaswa hupanda kwenye injini badala ya kutoka. Kifuniko cha baa 1 huruhusu maji matupu kufika kama nyuzi 120 bila kuchemka, lakini hakiondoi hewa. Mbaya zaidi, kipima joto kikizungukwa na hewa badala ya maji kinaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari huku hedi inaungua. Rejeta ya Polo haina kifuniko chake. Inategemea chupa ya maji ya pembeni. Chupa hiyo ifungwe kwenye ukuta wa nyuma ya injini, juu ya kila kitu, na mpira mwembamba wa kutolea hewa uelekee huko.

Kuna wanaokimbilia rejeta nene ya mashindano. Sioni haja, kama upepo bado unapita kando ya rejeta. Upepo hufuata njia rahisi. Ukiacha upenyo wa vidole viwili kati ya rejeta na pua, upepo utapita hapo. Bati jembamba la alumini na ukanda wa sponji kuziba kingo ni vya bei ndogo kuliko rejeta yoyote.

Feni ikae nyuma ya rejeta na kuvuta upepo, nafasi ikiruhusu. Swichi ya Volkswagen inayowasha kwa nyuzi 95 na kuzima kwa 84 inafaa injini yenye thermostati ya 82. Ukiweka swichi inayozima chini ya joto ambalo thermostati hufunguka, feni huenda isipumzike, na betri ndiyo itakayolipa.

Mwisho, funga rejeta juu ya vipande vya mpira, usiikaze moja kwa moja kwenye chesisi. Chesisi ya mabomba hujipinda kidogo kila kona, na maungio ya tanki la plastiki na alumini hayavumilii kupindwa.